Picha ya Mguu wa Wekulo

Kila asubuhi Nasike huwa wa kwanza kushuka kitandani. Huwasha jiko la gesi, hupika chai, kisha humwamsha binti yake Marion aende shule. Mumewe, Wekulo, huwa macho kitambo. Hulala tu akitazama dari na kusikiliza.

Wanakaa Shauri Moyo, katika zile nyumba za zamani za kanju, yaani za baraza la jiji. Upepo ukitoka upande wa Kamukunji, huleta milio ya nyundo. Ni mafundi wa jua kali wanagonga bati. Wekulo alifanya kazi huko miaka mingi. Alitengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni, na masanduku yake yalijulikana. Sasa yuko nyumbani, na wenzake anawajua kwa mlio tu.

"Huyo ni Odongo," husema. "Anagonga kona. Ana haraka, ataharibu."

"Kunywa chai, Baba Marion. Itapoa."

Mwaka jana gari lilimgonga Jogoo Road akisukuma mkokoteni wa bati. Madaktari walikata mguu wa kulia, chini ya goti. Kidonda kilipona, lakini hamu ya kazi ilimkaa moyoni. Wekulo hakutamani kukimbia wala kucheza mpira. Alitamani kusimama mbele ya kazi yake, mikono yote miwili ikiwa huru. Magongo yalimfikisha kanisani, sawa. Lakini fundi hawezi kushika gongo, nyundo na bati kwa wakati mmoja.

Wakati mwingine Nasike alimkuta ameketi kitandani, mikono yake ikikunja bati ambalo halipo. Nasike aligeuka haraka akajifanya anatafuta chumvi. Iliuma kumwona hivyo.

Siku moja ujumbe uliingia katika kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa. Ulikuwa na picha ya mzee anayecheka, amevaa mguu wa bandia. Chini yake paliandikwa: "Wakfu wa Mkono wa Faraja unagawa miguu ya bandia BURE. Andika Amina. Weka nambari yako ya simu. Sambaza kwa makundi yako yote."

Nasike aliandika Amina kwa ajili ya mumewe, na akina mama wakaitikia. Mke wa mchungaji aliandika Amina. Mama Mideva, kiongozi wa kwaya, aliandika Amina kwa herufi kubwa. Kwao hilo lilikuwa ombi, na ombi huitikiwa. Nani angekaa kimya wakati mume wa mwenzake anaombewa mguu? Kila mmoja akaweka nambari yake. Hakuna aliyeuliza anayegawa ni nani. Siwezi kuwalaumu sana. Mtu aliyelelewa kanisani akiona Amina, kidole humtangulia.

Siku iliyofuata simu ya Nasike ililia.

"Mama, Bwana asifiwe! Mimi ni Sista Eve wa Mkono wa Faraja. Umechaguliwa!"

Nasike aliketi juu ya ndoo.

"Kweli, sista? Mume wangu atapata mguu?"

"Atapata, mama. Ila tunahitaji picha, fundi apime. Onyesha pale palipokatwa, na uso pia."

"Uso wa nini?"

"Wafadhili wanapenda kuona mtu, mama. Na usimwambie mumeo. Iwe ni sapraizi."

Wekulo alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana, mdomo wazi. Nasike aliinua blanketi polepole. Akapiga picha. Akaituma. Kisha Sista Eve akaomba ada kidogo ya usajili. Nasike akatoa pesa alizopata kwa kuuza nguo za watoto sokoni Gikomba. Ikaja ada ya usafiri. Akatuma tena. Alikuwa anaota mchana kweupe: anamwona Wekulo amesimama mlangoni, mrefu kama zamani, kichwa kikigusa kizingiti cha juu.

Baada ya hapo Sista Eve hakupatikana tena. Nasike alipiga, akapiga. Hakumwambia mtu yeyote.

Wiki chache baadaye, Jumapili mchana, Odongo alikuja kumsalimia rafiki yake. Alibeba mkate na maziwa, na uso wake ulikuwa na furaha.

"Niaje, buda! Sasa huo mguu uko wapi? Tuuone!"

"Mguu gani?" Wekulo akauliza.

"Bana, si tulichanga? Mafundi wote. Hata mama wa chapati wa pale kazini alitoa. Cheki, imezunguka mtandaoni."

Odongo alimpa simu. Wekulo akatazama. Ilikuwa picha yake mwenyewe, amelala, mdomo wazi, blanketi limeinuliwa. Juu yake paliandikwa: "Msaidie baba huyu maskini. Watoto wake wanakufa njaa." Chini kulikuwa na nambari ya simu ambayo si yake wala ya mke wake.

Wekulo aliikuza picha ile kwa vidole, akamgeukia mkewe.

"Nani alinipiga picha nikiwa nimelala?"

Nasike alianza kulia kabla ya kujibu. Akasimulia yote, tangu Amina hadi ada ya mwisho. Wekulo hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Watu wote wameniona hivi," alisema. "Ungeniuliza, Mama Marion. Ningeketi. Ningevaa shati."

Odongo alikuna kichwa. "Sasa hii ni noma. Watu wakijua pesa haikufika, watasema nyinyi ndio mlikula. Na mkiomba tena, nani atatoa?"

Hapo Nasike akaona ubaya wote. Alitaka kumpa mumewe mguu, na sasa amemfungia njia ya kuupata. Tena jina zuri la Wekulo, alilolijenga kwa nyundo miaka yote hiyo, lingeitwa jina la mwizi.

Mlango ulikuwa wazi. Adhiambo, jirani yao, alisikia kilio akaingia. Adhiambo ni mhudumu wa afya ya jamii. Huzunguka mtaani akiona watoto, wazee na wagonjwa, na hana simile na upuuzi. Alisikiliza habari yote amesimama.

"Pole, Baba Marion. Pole, mama," alisema. "Tutalia baadaye. Kwanza, ujumbe wa hao watu usifutwe. Hata mmoja. Huo ndio ushahidi. Kesho twende kituo cha polisi, na tuiarifu kampuni ya simu kuhusu hiyo nambari."

"Na hii picha?" Wekulo akauliza.

"Kila anayekujua airipoti huko mtandaoni kwamba ni ulaghai. Watu wengi wakiripoti, ni rahisi iondolewe. Halafu wewe mwenyewe utume sauti yako kwa makundi yote, useme hukuomba mchango huo. Ukinyamaza, wao wanaendelea kula."

Nasike alifuta macho. "Lakini ningejuaje, Adhiambo? Hata mke wa mchungaji aliandika Amina."

"Amina mwambie Mungu. Yeye haitishi nambari ya simu."

Odongo alicheka, kisha akajizuia.

"Sikiza, mama," Adhiambo aliendelea, sasa kwa upole. "Mtu akisema anagawa kitu bure, halafu anataka ada, hicho kitu si cha bure. Mwulize: ofisi yenu iko wapi? Mmesajiliwa wapi? Nipe mtu mliyemsaidia niongee naye. Mwenye wakfu wa kweli hakasiriki ukimwuliza. Na mtu akikuambia usimwambie mumeo, hapo kata simu."

"Na ile namba ya siri ya pesa za simu?" Nasike akasema. "Hawakuniuliza."

"Bahati yako. Hiyo hata mimi usiniambie."

Kisha akamgeukia Odongo, ambaye alikuwa bado anatabasamu.

"Na wewe. Nambari ya Wekulo unayo?"

"Ninayo, tangu zamani."

"Ulimpigia kabla ya kutuma pesa?"

Odongo aliangalia viatu vyake. "Niliogopa ataona haya. Ningeanzaje? Niseme, ee buda, nimeona shida yako, natoa mia mbili? Ni kama kujionyesha."

"Heshima yenu ndiyo waliyoitumia," Adhiambo alisema. "Walijua hamtampigia. Kumpigia mwenye shida si kujionyesha. Ni kumjulia hali."

Wekulo aliinua kichwa. "Ungenipigia, Odongo. Mwaka mzima nakusikia unagonga bati, na hunipigii."

Odongo alimega mkate akampa rafiki yake kipande.

Wiki hiyo walifanya kama walivyoambiwa. Polisi waliandika habari yao. Picha iliondolewa baada ya watu wengi kuiripoti. Pesa hazikurudi, nami sitadanganya kwamba zilirudi.

Kisha Adhiambo akawapeleka hospitali ya serikali, katika karakana wanakotengeneza viungo bandia. Wekulo hakuwa anajua kwamba mahali kama hapo papo. Fundi wa pale aliitwa Shiundu. Alipima mguu, akaufunga plasta ili apate umbo lake. Wekulo aliangalia mikono ya Shiundu, kisha akaangalia meza yake, misumeno, tupa na koleo. Macho yakajaa maji.

"Unaumia?" Shiundu akauliza.

"Hapana. Huo msumeno wako umeisha makali. Mimi ningeunoa."

"Ukisimama, uje uunoe," Shiundu alimjibu.

Shiundu aliwaandikia gharama ya mguu kwenye karatasi ya hospitali. Aliwaeleza pia jinsi ya kujiandikisha kama mtu mwenye ulemavu, kwa sababu misaada mingine ya serikali huanzia hapo. Wekulo akajiandikisha. Lakini gharama ilikuwa bado kubwa kuliko mfuko wao.

"Basi tuombe," Adhiambo alisema. "Ila tuombe vizuri. Kwanza tumwulize chifu kama tunahitaji kibali. Pesa zisiingie kwa simu ya Nasike wala yangu. Ziende moja kwa moja kwa nambari ya malipo ya hospitali, kwa jina la Wekulo. Odongo na Mama Mideva wafuatilie na kutangaza kila wiki kilichofika. Na picha achague mwenyewe."

Wekulo alivaa shati la buluu. Nasike alilipiga pasi mara mbili. Wekulo aliketi juu ya sanduku moja alilolitengeneza zamani, magongo yakiwa kando yake. Hakuficha mguu uliokatwa, wala hakuuonyesha kwa makusudi. Alirekodi sauti yake:

"Mimi ni Wekulo, fundi wa masanduku. Picha mliyoona awali iliibwa. Hii nimeitoa mwenyewe. Nataka mguu nirudi kazini. Ukitaka kuhakikisha, nipigie kwa nambari yangu ileile ya siku zote."

Wakatuma. Kisha wakangoja.

Hakuna aliyechanga. Siku ya kwanza, kimya. Siku zilizofuata, kimya. Aliyeumwa mara moja huogopa, na Nasike hakuweza kuwalaumu. Wekulo aliweka simu kifuani kama mtu anayengoja habari za mbali. Nyundo za Kamukunji zilisikika mchana kutwa, naye hakutaja jina la fundi hata mmoja.

Mwishowe simu ikalia. Alikuwa mama wa chapati.

"Wekulo? Sikutaka kutuma kabla ya kusikia sauti yako. Ni wewe kweli?"

"Ni mimi, mama."

"Niambie mimi nilikuwa nakuwekea nini na chapati."

"Madondo, yale maharagwe yako. Na ulikuwa unanipunja!"

Mama wa chapati alicheka hadi Nasike akamsikia kutoka upande wa pili wa chumba. Akatuma mchango siku hiyohiyo, na akawaambia wengine. Simu zikaanza kuingia. Wateja, mafundi, watu wa kanisa. Wengine hawakuwa na pesa. Walipiga tu kumwambia wamemkumbuka, na kuuliza lini atarudi. Wekulo aliongea mpaka sauti ikakauka. Mwaka mzima alidhani wamemsahau, kumbe wote walikuwa wanaona haya kupiga.

Kila wiki Odongo na Mama Mideva walitangaza kiasi kilichofika hospitalini. Hesabu ilipotimia, Wekulo alituma sauti tena: "Mguu umelipiwa. Mchango umefungwa. Tafadhali msitume tena, na mtu akiwaomba kwa jina langu, ni mwongo."

Mguu wa bandia haukuwa rahisi. Ulimchubua, ukamchosha, ukamfanya atukane kwa Kibukusu mbele ya Shiundu. Alijifunza kutembea uani, Marion akiwa upande mmoja na Nasike upande mwingine. Polepole waliiachia mikono yake. Na asubuhi moja, Wekulo alivaa ovaroli yake ya zamani akatoka kwenda kazini.

Tangu hapo, ujumbe wa misaada ukiingia katika kundi la akina mama, Mama Mideva huandika kwanza: "Ofisi yao iko wapi?" Wengine hungoja jibu kabla ya kuandika Amina.

Lakini nirudi kwa Nasike, na siku ile ya kwanza Wekulo kurudi kazini. Wekulo alipotoka, Nasike alifagia, akaosha vyombo, akajitayarisha kwenda Gikomba. Halafu akaketi kitandani. Alikuwa ameomba siku hii ifike, na sasa imefika, chumba kilikuwa kikubwa mno. Hakukuwa na mtu wa kuambiwa anywe chai. Mwaka mzima alikuwa ameionea huruma hamu ya mumewe, asijue kwamba yeye naye angebaki na yake. Alijicheka, lakini machozi yalimtoka.

Jioni aliporudi alipika ugali na mboga za kunde, akafunika, akamngojea. Jua likaanza kuzama. Akashindwa kuvumilia, akapiga simu.

"Uko wapi, Baba Marion? Chakula kiko tayari."

"Niko barabarani."

"Panda bodaboda basi, ufike haraka. Nimekuonea hamu."

Upande wa pili wa simu, Wekulo alihema kidogo. Alikuwa amechoka, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye furaha.

"Hapana, mama," alisema. "Ningoje kidogo. Wacha nitembee."