Kimeng'enya cha Marehemu Kaka

Chupa ya kwanza ilicheka maabarani saa nne asubuhi, jua linawaka na watu wanakunywa chai. Kicheko chembamba, cha puani. Bingwa, jina alilopewa na wahadhiri wenzake kwa dhihaka naye akadhani anasifiwa, alisema ni hewa inayotoka kwenye kizibo. Huyo hakosi jibu, hata la upuuzi.

Lakini kicheko alikijua. Ndicho kilichokuwa kikitoka kinywani mwa kaka yake miaka yote ambayo jini lilimkaa kichwani. Kila lilipocheka, kaka mwenyewe aliziba masikio na kulia, "Mama, litoe." Mganga alishindwa nalo. Kaka alipofariki, mama yao alifuta machozi akasema angalau mwanangu amepumzika. Faraja yake ilikuwa hiyo tu.

Na mdogo mtu alifanya nini? Kabla ya mazishi alikata kipande cha ubongo wa marehemu, kimyakimya. Akatoa humo jeni moja, akaipandikiza kwenye bakteria, nao wakaanza kumtengenezea kimeng'enya, yaani protini, cha ubongo wa binadamu, chupa kwa chupa, cha kupeleka kwenye maabara za utafiti. Alitaka sifa. Haya, sifa hizo hapo.

Maana chupa ya pili nayo ikacheka, na ya tatu, kisha friji nzima, na harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumbani, na mashine ya kutikisia chupa ikaendelea kutikisa ingawa waya wake Bingwa alikuwa ameuchomoa ukutani na kuushika mkononi, mpaka suruali yake ikalowa mbele ya wanafunzi wake, nao kwa adabu wakatazama pembeni.

Mwanafunzi mmoja akampigia mama yake simu, naye akaja na mganga yuleyule.

"Umemfanya nini mwenzio?" mama alinong'ona, maana kicheko hicho alikijua.

"Nilichukua kipande kidogo tu cha ubongo wake. Mama, ni sayansi tu."

"Nyamaza."

Mganga akaagiza chupa zote zichemshwe. Zikachemshwa. Kicheko kikafifia, kikaisha. Bingwa, suruali haijakauka, akaanza kujikohoza ili aeleze kwamba joto huharibu protini, hakuna la ajabu hapo.

"Na ulizokwisha kutuma?" mganga akamkatiza, kwa sauti ya chini, akitazama masanduku yenye anwani za maabara nyingine. "Lilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, likanishinda. Wewe umelijengea vichwa vingapi?"

Bingwa akaanza kuhesabu kwa vidole.

Simu yake ikaita. Ni mtafiti wa maabara ya mji mwingine, anaongea kwa kunong'ona: kuna kitu kinacheka ndani ya friji yetu, na nyuma ya kicheko hicho kuna mtu analia.

Mama akampokonya mwanawe simu. "Baba, nakuomba, isogeze karibu na hiyo friji," alisema.

Akasikiliza kile kilio. Akakaa sakafuni, simu bado iko sikioni.

"Nipo, mwanangu," akasema. "Mama nipo. Nakusikia."