Mwalimu Huyu Hana Nafasi

Gari la mafunzo lilizimika juu ya kivuko cha waenda kwa miguu, saa ile watu wanatoka makazini, likamzibia njia msichana mwenye gauni la njano. Honi zikalia kila upande. Akashuka mwalimu wa udereva, mrefu, shati jeupe limekunjwa mpaka viwikoni.

"Samahani, dada. Mwanafunzi wangu ameshtuka."

"Ameshtushwa na nini? Njia ilikuwa nyeupe."

"Gauni lako. Hata mimi sijatulia bado."

Msichana alitaka kununa, kicheko kikamtoka. Honi ziliponyamaza, walikuwa wameshapeana namba.

Msichana huyo alikuwa mtengeneza tovuti, na Mwalimu akamzoea kwa jina la Fundi. Mapenzi yalipokolea, Mwalimu akampeleka kwa bosi wake, mwenye chuo cha udereva, aliyechoshwa na wanafunzi wanaojaza makaratasi ovyo. Fundi akamtengenezea fomu ya mtandaoni ya kurasa kadhaa. Kwanza mtu anaandika jina, jinsi, umri na simu, halafu aina ya leseni, halafu anachagua mwalimu, mwisho anahakiki na kutuma. Hasogei mbele mpaka ukurasa alio nao uwe sawa. Simu ikipungua tarakimu, maandishi mekundu yanamwambia arekebishe.

Kasheshe ilianzia pale pa kuchagua mwalimu. Kila Fundi alipokagua usajili, aliona wanawake wamemchagua mtu yuleyule. Wake.

Mchana mmoja wakiwa mezani wanakula, simu ya Mwalimu ikaita. Vidole vilikuwa na mchuzi, akaiweka spika.

"Mwalimu jamani, nimefaulu! Bila wewe ningefanyaje, kipenzi changu?"

Mwalimu akacheka, akampongeza, akakata.

"Kipenzi chake?" Fundi akauliza.

"Huyo hata muuza vocha anamwita hivyo."

"Na wewe ukachekelea mpaka gego la mwisho."

"Nimefurahia mtihani wake, laazizi."

"Usiniite laazizi na sauti yake bado iko mezani."

Alirudi kazini moyo unamfukuta. Akaifungua fomu, akaongeza sharti dogo: mwanamke akimchagua Mwalimu, asipite. Akajaribu mwenyewe. Maandishi mekundu yakatokea: "Mwalimu huyu hana nafasi. Chagua mwingine." Akatabasamu peke yake.

Wanafunzi wa Mwalimu wakapukutika. Akawa anashinda kwenye benchi la chuo, akichoka kukaa anaosha gari lisilo na vumbi.

"Sijui nimeharibu wapi," alimwambia Fundi kwenye simu, sauti imemnywea. "Bosi anataka gari langu ampe mwingine."

"Watarudi tu, mpenzi," Fundi akajibu. Akaifungua fomu ili alifute lile sharti. Akaikumbuka ile "kipenzi changu," akaifunga.

Asubuhi moja Fundi alikuwa ofisini kwa Bosi, akimwonyesha orodha za usajili, akaingia mama mmoja wa makamo, koti la bluu, miwani inaning'inia kifuani.

"Mimi ni mama yake Mwalimu. Nataka kujifunza gari, na nataka mwanangu anifundishe. Fomu yenu inasema hana nafasi. Hana nafasi vipi, nami nimemkuta hapo nje anaosha tairi?"

"Labda umekosea kujaza, Mama," Bosi akasema.

"Sijakosea! Nimerudia, nikajiandika mwanamume, ikakubali papo hapo. Nimemzaa mwenyewe, leo mpaka niwe mwanamume ndiyo anifundishe?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, macho kwa Fundi.

"Fundi?"

"Ni mimi," akasema, akikwepa macho ya yule mama. "Nilikuonea wivu. Nikawazuia wote."

Alilifuta sharti palepale. Bosi akamwambia asikanyage tena chuoni kwake.

"Ungeniuliza," Mwalimu alisema taratibu. "Ningekujibu hata mara mia. Umeniacha nijione sifai, na huku unanibembeleza kwenye simu." Akaweka ndoo chini, akatoka.

Wanafunzi wakarudi kwa Mwalimu, gari likabaki lake. Kwa Fundi hakurudi. Fundi alipiga simu, haikupokelewa. Aliandika, hakujibiwa. Akakonda uso, hata gauni la njano akaona halimfai.

Jumamosi moja alasiri, simu ikaita.

"Shuka chini."

"Mpenzi, naomba..."

"Shuka kwanza."

Gari la mafunzo lilikuwa mbele ya lango. Mama alikuwa kwenye usukani, ameukamata kama anayezuia usiibiwe.

"Ingia nyuma, mwanangu," akasema. "Huyu kununa hajui. Kila kona ananitajia jina lako."

Fundi akaingia, gari likaondoka taratibu. Mwalimu hakugeuka. "Bado nina hasira, Fundi."

"Najua. Una haki."

"Wivu ukikushika, nipigie mimi kelele. Vunja hata sahani. Kazi yangu usiiguse."

"Sitaigusa tena."

"Na sasa hivi unao?"

Fundi aliutazama mkono wa Mwalimu, umeufunika ule wa mama yake kwenye gia. "Ninao kidogo."

Mwalimu akajikaza asicheke, akashindwa. Akaupitisha mkono wa pili nyuma ya kiti, Fundi akaupokea kwa viganja vyote viwili, machozi yanamtoka.

"Mwalimu!" Mama akafoka, macho barabarani. "Mikono yote mbele! Aliyejisajili ni mimi."