Kinachopenda Kutazamwa

Haya hayakutokea mbali, wala hayakuwapata watu wa kusimuliwa. Yaliwapata watu tunaoombana nao chumvi.

Jioni moja pale Ipinda, mpunga ukiwa umeanza kuinamisha vichwa, Janeth alikuwa anashusha vyungu vya Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, alivyovitoa Matema kwa bajaji yake. Hajafungua hata kamba ya pili, mama mkwe wake akatoka ndani amembeba mjukuu wake Kisa mgongoni. Kisa wa miaka sita. Miguu inaning'inia kama ya mtoto aliyelala, lakini macho wazi.

"Nesi kamwona," mama mkwe alisema. "Damu imempungua sana. Aongezwe, na ya kuongeza iko hospitali Kyela mjini. Sasa hivi, anasema. Kesho ni mbali."

Janeth hakulia. Alivitua vyungu vilivyobaki, kimoja kikapasuka, hakukiangalia mara mbili. Akamlaza mtoto siti ya nyuma, akamzungushia kitenge, akakifunga kwenye bomba la siti. Fundo moja. Akaongeza la pili. Mumewe Lameck alikuwa Mbeya kwenye kibarua cha ujenzi, na mama mkwe akipanda bajaji hutapika mpaka nyongo. Kwa hiyo ni yeye na mtoto wake tu.

Mama mkwe akamshika mkono.

"Gwe Janeth. Pale kwenye mashamba, kabla ya daraja..."

"Najua, mama."

"Unajua nini? Pale pana kitu kinachopenda kutazamwa. Hakina meno, hakina kucha. Kinataka jicho lako tu. Ukikipa jicho, mkono unalifuata jicho, na bajaji inaufuata mkono. Basi."

Mwaka jana pale pale aliokotwa Jackson wa bodaboda, kichwa ndani ya maji ya mpunga, simu mkononi bado inawaka. Polisi wakaandika kwamba alikuwa anasoma meseji. Sawa. Lakini Shani muuza maandazi, aliyefika wa kwanza, hakuacha kusema alichokiona: shingo ya Jackson ilikuwa imegeukia nyuma. Na meseji haisomwi mgongoni.

Janeth yeye simu aliizima siku zote kabla ya kuwasha injini. Kijiweni walimcheka. Badru, dereva mwenzake mwenye maneno ya pwani, hakuchoka kumchokoza.

"Hata mumeo akipiga, dada Janeth?"

"Atangoja."

"Akikataa kungoja?"

"Akaoe trafiki."

Jioni ile pia alikizima kisimu chake cha kitochi, akachomoa na betri, maana kilikuwa na tabia ya kujiwasha chenyewe. Simu mfukoni, betri kwenye sidiria. Akaondoka.

Alikwenda vizuri. Vyura wanapiga kelele huku na huku, harufu ya mpunga mbichi inaingia, nyuma Kisa anapumua kwa shida, hhh... hhh... Janeth akaishika pumzi ile masikioni kama mtu anavyoshika kamba. Jua likazama. Akawasha taa.

Akaingia kwenye mashamba.

Vyura wakanyamaza. Wote, kwa pamoja.

Simu ikaita.

Ilimtetemekea pajani, mlio ule ule anaoujua. Simu isiyo na betri. Janeth alihisi betri imemgandia kwenye jasho la kifua, na huku chini simu inaita, inaita, inaita.

"Piga," alinong'ona. "Piga mpaka uchoke."

Ikakata.

Kisha kwenye kioo cha kulia kikaonekana kitu cheupe. Kinakuja nyuma kwa miguu, hakina haraka, na bado kinakaribia. Uso wake ulikuwa unaanza kuonekana... Janeth akanyoosha mkono bila kugeuza kichwa, akakizaba kioo kofi. Kikatazama mpunga.

"Huko ndiko ukajionyeshe."

Palepale harufu ikabadilika. Udongo. Udongo mbichi, ule unaochimbwa wakati watu wamesimama kimya. Na ile pumzi ya Kisa aliyoishikilia, hhh... hhh...

Haikuwepo.

"Mama, nimedondoka."

Sauti ilitoka mbali, nyuma kabisa, barabarani. Sauti ya Kisa.

Mwili wote wa Janeth ulitaka kugeuka. Shingo ilikwisha kuanza. Aliikaza mpaka ikamuuma.

"Mama, unaniacha."

Mbali zaidi sasa, na kilio ndani yake. Mzazi gani asigeuke? Machozi yakamjaa, barabara ikawa mbili, akayafuta kwa bega, haraka, yasije nayo yakamla macho. Afunge breki? Akisimama atageuka, alijijua. Na akigeuka, ni yeye na mtoto majini.

"Nimefunga mafundo mawili," alijiambia. "Mawili. Kwa mikono yangu hii. Kisa yupo nyuma yangu."

"Mama..."

Safari hii sikioni. Ubaridi ulimgusa shingoni.

"...nitazame."

Hakutazama.

Kimya. Mbele, mwanga wa taa ukapata kingo nyeupe za daraja, nyembamba, na maji meusi katikati. Hapo ndipo akasikia kikohozi. Kikohozi kikavu cha mzee, na harufu ya ugoro ikajaa bajaji nzima. Kikohozi kile kilikuwa cha Mzee Asajile, baba yake Lameck. Mwaka wa pili huu yuko kaburini.

"Janeth, mwanangu," sauti ilisema kwa upole. "Geuka basi unisalimie."

Mikono ikalegea. Bajaji ikayumba kuelekea ukingoni.

Kisha Janeth akacheka.

Alicheka kwa sauti, peke yake, katikati ya mashamba yale. Kwa sababu kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, na Mzee Asajile alikuwa wa zamani kwelikweli. Wenzake walishaiacha mila hiyo, wanakula na wakamwana wao meza moja. Yeye hakuiacha. Miaka tisa alikohoa kabla ya kukata kona ili Janeth apate kupisha njia. Miaka tisa, wakikutana ghafla, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuza mgongo. Hakuwahi kumtaja jina. Sembuse kumwambia mkamwana amgeukie!

"Gwe!" Janeth alipaza sauti, macho kwenye daraja. "Umekosea nyumba! Mzee Asajile hajawahi kuniita jina, na wewe unaniita kama muuza nyanya sokoni? Huna adabu! Umevaa sauti ya mtu na hujui hata alivyoishi! Jackson ulimwona mjinga. Mimi macho yangu yana kazi. Yanampeleka mtoto hospitali. Ukitaka kutazamwa, kajitazame majini!"

Akakaza mkono, bajaji ikakaa njia yake. Matairi yakagonga zege la daraja, du-du-du-du, na katikati ya daraja kitu kizito kikatumbukia chini.

Chubwi.

Ng'ambo, vyura wakaanza.

Hospitali taa zilikuwa zinawaka. Janeth alisimama mlangoni, akazima injini, akabaki amekaa. Nyuma kimya. Sasa hakuna barabara ya kumzuia. Sasa ilibidi ageuke.

"Dada, shusha mgonjwa," mlinzi alimwambia.

Vidole vyake havikutaka kuachia usukani. Alivibandua kimoja kimoja.

Akageuka.

Kisa alikuwepo. Mafundo yote mawili yalikuwepo. Kifua kinapanda, kinashuka. Ila kitenge, alichomfunga kifuani, kilikuwa kimevutwa juu, kikamfunika macho.

Walimwongezea damu usiku ule. Siku ya tatu Kisa akakaa mwenyewe kitandani na kudai uji wenye sukari ya kutosha, siyo huu wa hospitali. Janeth akawa anamlisha.

"Mama, mbona siku ile hukunitazama nilipokuita?"

Kijiko kikasimama njiani.

"Uliniita mara ngapi?"

"Mara moja."

Janeth alikuwa amesikia mara tatu. Alitaka kuuliza ni ipi. Akamlisha kijiko kile kwanza.

"Nilikusikia," alisema. "Nilikusikia na sikugeuka. Na siku nyingine ukiniita nikiwa naendesha, sitageuka vilevile. Nilie, nitalia, lakini nikiangalia mbele. Ukinikasirikia, nikasirikie tukiwa wazima."

"Sijakasirika. Babu aliniambia hutageuka."

"Babu yupi?"

"Aliyekaa na mimi. Alikupa mgongo. Akanifunika macho, akasema kumeingia mgeni, tusimtazame."

Janeth akaweka bakuli chini. Alimfuta mtoto mdomo, taratibu, mpaka hapakuwa na kitu cha kufuta.

Jioni alitakiwa kurudi Ipinda kufuata nguo safi. Wanawake wa wodini walimkataza. Mmoja, mama Lusungu wa Mbugani, alimshikia kabisa ufunguo.

"Lala hapa, mwenzangu. Njia ile kwa saa hii ya nini?"

"Kwa saa hii kwa sababu ndiyo saa yangu," Janeth alisema, akauchukua ufunguo. "Nikiiogopa leo, kesho itaniomba na mchana."

Akakivua kitochi betri. Akaondoka, bajaji tupu, nyepesi, inarukaruka kwenye mashimo.

Alipovuka daraja na kuingia kwenye mashamba, nyuma palibonyea kidogo. Kama mtu amekaa, na harufu ya ugoro ikaja.

Kisha pakabonyea tena, na ile harufu ya udongo mbichi.

"Wawili," Janeth alisema kwa sauti, macho mbele. "Haya, kaeni vizuri. Mimi naendesha."