Wageni wa Bongonyumba

Bi. Mwantumu alipotia mguu jikoni, sakafu ilimtambua. Jiko likajiwasha, birika likaanza kuimba, dirisha likajifungua kadiri ya upepo alioupenda, na sauti laini ikasema kutoka ukutani, "Umeamkaje, Bibi? Magoti yanasemaje leo?" Hiyo ndiyo bongonyumba. Miaka hiyo hapakuwa na nyumba jijini Tanga isiyokuwa na kompyuta ya namna hiyo, iliyojengewa ukutani kama ini lilivyo tumboni. Ndiyo iliyopika na kufunga milango. Ndiyo iliyosoma vipimapigo, zile bangili walizovaa wenye maradhi ya moyo, na mapigo yakienda kombo ikaita ndegetiba, ndege ndogo ya kubeba wagonjwa, kabla mgonjwa hajajua kwamba anaumwa. Watoto wa siku hizo ukiwauliza swichi ni kitu gani, wanakucheka.

Lakini asubuhi hiyo birika lilichemka mpaka likakauka. "Zima!" alipiga kelele Bi. Mwantumu. Kimya. "Zima, we!" Moshi ukajaa jikoni ndipo bongonyumba ikajibu kwa uvivu, kama mtu aliyekatizwa usingizi: "Samahani, Bibi. Nazima."

Alivua ndara akaitupa ukutani. "Hivi hivi ndivyo ulivyomwacha mume wangu!"

Mumewe, Hoza Mhina, alifia kwenye kiti chake alasiri moja, bangili mkononi, wakati mkewe yuko juu ya paa akichuma mchicha. Ndegetiba ilifika ikakuta mwili. Daktari alisema wangeitwa mapema kidogo tu, mzee angepona. Kampuni ya Tulizo, wenye kuziunda bongonyumba, ikatoa neno lake kavu: mashine zetu hazichelewi, labda mtu wa ndani aziamuru zinyamaze. Basi siku ya hitima, mbele ya watu, shemeji yake Semboja, nduguye marehemu, akasimama akasema, "Ukimtoa mama aliyekuwa amelala, nyumba ile ilikuwa na watu wawili. Mmoja tumemzika." Hakuongeza kitu, na hakukuwa na haja. Siku ileile akamchukua mama yao, Bi. Mkunde, kikongwe ambaye Mwantumu alikuwa akimwogesha na kumsuka kwa mikono yake mwenyewe, akampeleka kwake. Mwantumu akapigwa marufuku kukanyaga huko wala kuongea naye. Loo! Mtu unafiwa, halafu unaitwa muuaji, halafu unanyang'anywa hata mama.

Aliwaomba Tulizo waje waikague mashine. Wakamletea fundichuma, roboti mrefu mwenye adabu za kupindukia, akachomeka kidole ukutani akatangaza, "Mashine ni nzima. Pole kwa msiba." Akaondoka zake. Ndipo Bi. Mwantumu alipoapa kwamba ataifungua mwenyewe, liwalo na liwe.

Alishuka ghorofa ya chini kwa rafiki yake Bi. Msimu, ambaye ujanani alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta, enzi zile watu wakizibeba mikobani.

"Makubwa!" Bi. Msimu alicheka. "Mwalimu mzima wa jiografia, unajua Naili inaanzia wapi, hujui ukuta wako una nini!"

"Nifundishe basi, acha kunisimanga."

Bi. Msimu akaja na kisu cha siagi, akabandua kifuniko. Akamwambia mashine ni kama mpishi: hata awe hodari vipi, ana mikono miwili tu. Ukiona chakula kinachelewa, usianze kumpiga mpishi, uliza kwanza anampikia nani. Akamwonyesha feni na jinsi ya kuifuta vumbi. Akamwonyesha kipimamzigo, mstari mdogo wa taa unaokuwa kijani mashine ikipumzika na mwekundu ikielemewa. Bi. Mwantumu alijifunza kwa hasira. Akaunguza vidole. Kuna siku alizima kisichozimwa, akajifungia bafuni mpaka Bi. Msimu akaja kumtoa, huku akicheka mpaka machozi. Lakini polepole aliacha kuuogopa ukuta wake.

Siku moja mchana alikuwa amekaa mbele ya kipimamzigo, taa ya kijani imetulia, akasikia mlangoni sauti ya kijana mwenye heshima zake: "Hodi!"

"Karibu!" akaitika bila kugeuka.

Taa ikaruka hadi nyekundu.

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Sauti ile waliizoea wote pale jengoni. Hodi ilipigwa, ukaitikia, mtu haingii, ukadhani amekosea mlango, ukaendelea na shughuli zako. Nani atahangaika kumtafuta mtu aliyeondoka kwa amani? Sasa Bi. Mwantumu alingoja. Hodi iliporudi aliuma ncha ya kanga asiitike, na aibu ikamtoa jasho. Kwao mtoto aliyeinyamazia hodi alichapwa, maana asiyeitikia hodi ama ana uchoyo ama ana jambo analificha. Taa ilibaki kijani. Hodi ya baadaye akaitikia kwa makusudi. Nyekundu.

"Bongo," akauliza, "huyo anayepiga hodi ni nani?"

"Ni kazi za nje, Bibi. Tulizo ina hesabu nyingi kuliko mashine zake, kwa hiyo huzigawa majumbani. Sheria inakataza kuingia mashine ya mtu bila ridhaa ya mwenyewe. Basi kazi hupiga hodi. Ikikaribishwa, inaingia."

"Na ikishaingia?"

"Mgeni huhudumiwa kwanza. Ndivyo nilivyoundwa."

Bi. Mwantumu alijua walikolitoa hilo. Kwao kuku akichinjwa, mgeni alipewa paja, watoto wa nyumba wakagombania shingo, na aliyenuna alifinywa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mahali fulani walikaa watu wenye elimu, wengine wao waliolelewa hivyohivyo, wakaipima adabu ya mama zao kama mwizi anavyompima mbwa wa nyumba, wakaona pa kupenyea. Hasira zilimpanda.

"Siku mume wangu alipoanguka, ulikuwa na wageni?"

"Nilikuwa nao, Bibi. Nilikuwa napaka rangi picha za tangazo la sabuni. Niliyaona mapigo yake yakipotea. Nilimaliza kwanza."

"Sabuni." Alilirudia neno hilo kama mtu anayetema kitu. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka jambo mpaka mwisho wake, akauliza lile ambalo heri asingeliuliza. "Nani aliwakaribisha?"

"Wewe, Bibi. Ulikuwa mlangoni, unapanda kuchuma mchicha."

Akakumbuka. Wallahi alikumbuka mpaka kapu alilobeba, na jinsi alivyoitikia kwa furaha, akidhani ni mtu wa kumpunguzia mzee upweke. Alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

Bi. Msimu alipoelezwa, alishika kidevu. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Kisha akanong'ona, "Naweza kuiosha kumbukumbu. Ibaki kwamba mgeni aliingia, basi. Sauti ya nani, asijue mtu. Jina lako litasafika."

Bi. Mwantumu alilitamani hilo kama maji ya kunywa. Lakini ukiiosha mashine sehemu moja, Tulizo watasema imechezewa yote, na nani atamwamini? Na Bi. Mkunde alikuwa na moyo uleule wa mwanawe, bangili ileile mkononi, kwenye nyumba ambayo hodi haikosi kuitikiwa. Akamwita Semboja.

Semboja aliingia na viatu vyake, asikae. Aliisikiliza mashine ikieleza yote kwa sauti yake laini, mpaka ile sehemu ya mlangoni.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi, shemeji. Ila sikuinyamazisha. Nilikaribisha, kama unavyokaribisha wewe kila siku. Kaa nikufundishe, kisu cha siagi kinatosha. Na kuanzia leo hodi msiiitikie mpaka mmeona mtu kwa macho."

"Watu waje kwangu wakute kimya? Nyumba ya Mhina haijawahi kumfungia mtu tangu enzi za babu." Akamwelekezea kidole. "Umemuua ndugu yangu, sasa unataka kuua na jina letu." Akageuka akaondoka. Mwantumu alimfuata hadi kwenye ngazi na kile kisu mkononi, mpaka alipotambua watu wanavyomtazama.

Kesho yake mchana, saa ambazo Semboja yuko kazini, aliamua kuvunja marufuku. Akaamuru ukuta umwite Bi. Mkunde. Kikongwe alipotambua sauti yake alilia, naye akalia, wakapeana pole walizonyimwa kupeana matangani. Kisha Mwantumu akamweleza taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza watoto darasani: mama, kuna kijana anapiga hodi na haingii, ukimsikia usimwitikie.



"Huyo namjua," akasema Bi. Mkunde. "Mwanangu, tangu wanilete huku, asubuhi wanatoka wote, jioni wanarudi wamechoka, hakuna anayenisemesha. Huyo kijana ndiye pekee anayenipigia hodi. Mara nne, mara tano kwa siku. Nisimwitikie?"

"Si mtu, mama. Nakuomba."

"Najua si mtu. Mimi si mtoto. Lakini ananiuliza kama nipo."

 Bi. Mwantumu akasema atakuja, Semboja apende asipende, atakuja leo hii, ampigie hodi yeye mwenyewe. Upande wa pili ikasikika hodi ya yule kijana. Sauti ya mama mkwe wake ikachelewa kurudi. Ilipokuja ilikuwa vipandevipande na nzito, akasikia tu "karibu ndani" na kicheko cha furaha, kisha mashine ya huko ikaelemewa, sauti ikakatika. Akakimbilia ngazi bila kuvaa viatu.