Vyungu Tisa Nilivyovificha

Kila Jumamosi asubuhi nilifuatana na mama mdogo hadi maabara ya chuo kikuu. Yeye ni mtafiti wa vyungu vya udongo vya kuchujia maji. Anamimina maji machafu juu, yanadondoka polepole chini, kisha anayapima kuona kama bado yana vijidudu. Kazi yangu ilikuwa kubandika namba kwenye chupa.

Mtaani walimcheka. "Miaka mitatu vyungu tu! Huyo ni msomi au mfinyanzi?" Damu ilinichemka. Mwalimu wetu alipotuagiza tuandike habari za mtu na kazi yake kwa ajili ya gazeti la ukutani, nikajisemea, sasa watamjua mama mdogo ni nani.

Mama mdogo alinieleza kila kitu. Alikuwa ameazimisha nyumba za mtaani vyungu arobaini kwa majaribio. Thelathini na kimoja vilichuja vizuri. Tisa vilipitisha vijidudu, akavirudisha maabara, na bado hakujua sababu.

"Ndiyo maana nimewaambia wote waendelee kuchemsha maji," alisisitiza.

Niliandika yote isipokuwa vile tisa. Niwape wambea la kusema? Thubutu! Juu kabisa nikaandika kwa herufi kubwa: "Mtafiti Wetu Amemaliza Shida ya Maji Machafu."

Siku ya kikao cha shule wazazi walilisoma gazeti lile, nami nikatembea kifua mbele. Wiki moja baadaye, mtoto mmoja wa Mama Pacha, jirani yetu, alilazwa hospitali. Aliharisha mpaka macho yakaingia ndani.

Mama mdogo alirudi kutoka kumtazama akiwa amefura.

"Mama Pacha ameacha kuchemsha maji! Nimemuuliza nani kamwambia. Anasema kasoma gazetini kwenu. Umeandika nini wewe?"

"Nilikuwa nakutetea!" nikafoka. "Wanakucheka, nawe unanyamaza tu!"

"Nilikutuma? Chungu chake nimekipima leo. Kinapitisha vijidudu. Hicho ni cha kumi!"

Hasira yote niliyowawekea wambea ilinigeukia mwenyewe.

Kesho yake alinipeleka hospitali. Nilisimama mbele ya kitanda cha mtoto, nikamwamkia Mama Pacha.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyeandika. Vyungu tisa vilikuwa vibovu, nikavificha."

"Mwanangu alikuwa anakwenda hivi hivi, kisa wewe unamtafutia mama yako mdogo sifa!" Mama Pacha alinigeuzia mgongo. Hakunisamehe siku ile, na alikuwa na haki.

Mtoto alipata nafuu siku ya tatu. Mimi nilibandua habari yangu ukutani na kuandika nyingine, vibovu vyote kumi vikiwa mstari wa kwanza. Tuliipeleka nyumba kwa nyumba, na kila mlango nilisema mwenyewe kwamba nilidanganya. Masufuria ya maji yakarudi jikoni.

Tuliporejea nyumbani, mama mdogo alikuwa bado amekunja uso.

"Sijapoa, usidhani nimepoa," alisema. "Wacha wacheke. Vyungu vizima havinihitaji. Mimi naamka kila siku kwa sababu ya vile vibovu, nawe ukavifuta kama vile ni aibu yangu. Ukieleza kazi ya mtafiti, eleza na pale ilipokwama. Kuna mtoto atakunywa maji kwa kuamini ulichoandika."