Kadi ya Joyeuse Ndani ya Droo ya Bosi

Joyeuse alisafisha ofisi kule Plymouth, na akisafisha yeye, sakafuni unajiona uso. Jumamosi alisoma darasa la uraia kanisani. Mwalimu alikuwa jirani yake Kemunto, nesi kutoka Kisii.

Jumamosi moja Kemunto alimwambia, "Dada, ile nyumba ya wazee ya Lakeville inakutaka kazini. Nenda Jumatatu na kadi yako ya ukaazi."

Joyeuse akainama. "Kadi iko kwa bosi. Anatutunzia sote."

"Anawatunzia? Makubwa!"

"Kule kambi ya wakimbizi, kiongozi wetu alishika kadi zetu za chakula. Nikadhani ndiyo desturi. Nikimwomba bosi, anasema, 'Ukitaka kuondoka, kadi inabaki.' Lakini alinipa kazi nikiwa sina mtu. Nikimdai, si nitaonekana sina shukrani?"

"Shukrani gani hiyo ya kufungwa kamba?" Kemunto akafunga kitabu. "Unaijua ngome ya Fort Snelling, karibu na uwanja wa ndege? Zamani maofisa wa jeshi waliweka watumwa pale. Watu weusi kama sisi, wakipika, wakifua, bila hiari. Na sheria ilikuwa imekataza utumwa sehemu hizi!"

"Ilikataza, na bado wakatumikishwa?"

"Ndiyo. Ila mmoja wao, mama aitwaye Rachel, alipopelekwa mji wa St. Louis alikwenda mahakamani kudai uhuru wake. Mwaka 1836 akashinda. Mwaka 1865 utumwa ukapigwa marufuku nchi nzima. Leo, bosi akizuia karatasi zako ili usiondoke, anavunja sheria. Akikataa, kuna wanasheria wa bure wa wahamiaji."

Joyeuse akashusha pumzi. "Mungu ambariki mama yule."

Jumatatu asubuhi walikwenda pamoja ofisini kwa bosi. Joyeuse akashika simu yake, akasimama mbele ya meza.

"Bosi, ulinisaidia, nakushukuru. Mimi pia nimekufanyia kazi vizuri. Naomba kadi yangu."

"Na nikikataa?"

"Nitampigia mwanasheria, sasa hivi."

Bosi akaitazama simu mkononi mwa Joyeuse. Akafungua droo, akatoa kadi. Joyeuse aliibusu palepale, bila aibu.

Mchana ule alipata kazi Lakeville. Jumapili alitoa shukrani kanisani, akalia kwa furaha. Baada ya ibada, Kasika, aliyesafisha naye Plymouth, akamvuta pembeni.

"Dada, yangu bado iko kwenye droo ile. Ninaogopa kwenda."

"Hata mimi niliogopa," Joyeuse akasema. "Nilisindikizwa. Kesho nitakusindikiza."