Miwani ya Kogo Taplelei

Chelimo alikuwa amebakisha nusu saa ya jua. Huku Kaplong ukipiga picha ya kioo mchana kinamwekamweka tu na mikwaruzo inajificha, na ukingoja giza, taa ya simu itakudanganya. Saa kumi na moja na nusu ndiyo saa yenyewe. Jua limeinama juu ya majani chai, linaingia dirishani kwa ubavu, na hapo hata mkwaruzo mwembamba kama unywele unajitokeza.

Aliuza miwani ya jua ya mitumba kwa simu. Kila miwani picha tatu: vioo kwa mbele, vioo kwa ndani, halafu vikiwa vimeinuliwa kwenye mwanga. Hakuficha kasoro, maana hakutaka mtu aje kulia kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Wenzake wa soko la Chepilat walimcheka, eti biashara gani hii ya kujitangazia ubaya. Wacha wacheke. Wateja wake walirudi.

Nyuma yake, mkekani, Ng'eno alikuwa anagonga sufuria kwa kijiko. Ko, ko, ko. Kipng'eno kwa jina kamili, mwanawe wa miezi tisa. Mimba ilikuwa ya nne, lakini yeye ndiye mtoto wa kwanza ambaye Chelimo alimwona akikaa mwenyewe. Wale watatu hawakufika hata kupewa majina. Ndiyo maana aliipenda kelele ya ile sufuria kuliko nyimbo za kwaya, Mungu amsamehe.

Miwani ya mwisho siku hiyo ililetwa asubuhi na Fancy, binti wa jirani aliyeolewa Kimulot. Fremu nyeusi, nzito, na vioo vya kweli, si plastiki.

"Ilikuwa ya nani?" Chelimo aliuliza.

"Ya kogo ya bwanangu. Kogo Taplelei. Tulimzika wiki jana."

"Pole sana. Na hakuna mtu kwenu anataka kukaa na kitu ya nyanya yake?"

Fancy aliangalia viatu vyake. "Nani ataitaka?"

Aliondoka bila kumaliza chai. Mtu wa kwetu kuacha chai kwenye kikombe... hilo peke yake lingetosha kumwamsha Chelimo. Lakini alikuwa na kazi, na kazi ina njia ya kuziba masikio.

Kwa ndani, vioo vile vilikuwa na ukungu mweupe, tabaka juu ya tabaka, kama maziwa yaliyokaukia kwenye kibuyu. Chelimo alivipiga picha jinsi vilivyo na kumtumia Irungu, mfanyabiashara wa Kericho mjini anayependa miwani ya zamani. Jibu halikukawia.

"Mama Ng'eno, hiyo ni lenzi ama ni uji? Osha upige tena."

Basi akaosha. Maji ya uvuguvugu kwenye karai, sabuni kidogo, kidole gumba kikizunguka polepole. Ukungu ulitoka shingo upande. Na ulipotoka, ulitoa harufu. Ugoro. Maziwa yaliyochacha. Harufu ya mdomo wa mtu mzee aliyekuinamia kukusalimia. Chelimo alikunja pua, akatoka nje, akayamwaga maji yale kwenye mashina ya nepia, yale majani ya ng'ombe, akarudi.

Alivikausha vioo kwa fulana kuukuu. Havikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Miwani ya miaka yote hiyo, na vioo safi namna hii! Alitabasamu, akaigeuza, akapiga picha ya upande wa ndani, akamtumia Irungu papo hapo.

Ko, ko, ko.

Alipoitazama picha, aliona kilichotarajiwa. Kioo kilikuwa kimeakisi chumba kilicho nyuma yake: mkono wake, ukuta, mkeka, mtoto.

Na mtu.

Alisimama nyuma ya mkeka, kitambaa kichwani, ameinama kidogo. Chelimo aligeuka haraka. Hakukuwa na mtu. Ng'eno peke yake, kijiko kimesimama hewani.

"Ni kivuli," alijinong'oneza. "Ni pazia tu."

Dirisha lile halikuwa na pazia. Alipiga tena. Sasa mtu yule alikuwa ameinama zaidi, uso karibu uguse nywele za mtoto. Mikono alikuwa ameifunga mgongoni, kama anayejizuia asishike. Lakini macho hakuyazuia. Yalikuwa wazi... na hayakuwa na kioo mbele yake.

Kijiko kilianguka.

Ng'eno hakulia. Alikuwa ameinua uso, anatazama juu, wala hapepesi. Chelimo alimnyakua. Mwili ulikuwa na joto, lakini shingo ilikuwa imelegea, kichwa kikamlalia begani kama cha mtoto mchanga wa siku moja. Aliita jina lake. Akaita tena. Akapiga mayowe.

Simu iliwaka mezani. Irungu. "Sasa iko sawa kabisa. Lakini ambia huyo mzee asiangalie kamera hivyo."

Mama mkwe wake aliishi ng'ambo ya ua tu. Alisikia mayowe, akaja na viatu vya mvua mguuni. Alimtazama mtoto, kisha akaiona miwani mezani, na miguu ikamgandia mlangoni.

"Hiyo umetoa wapi?"

"Fancy aliniletea asubuhi, Mama."

"Mpigie."

Fancy alilia kabla hajaulizwa. "Walimvalisha kwa jeneza," alisema. "Wazee walisema azikwe nayo. Pasta akasema hatuzikangi watu na upagani, itolewe. Mimi ndio nilitumwa kuitoa. Nikaogopa kukaa nayo... nikaogopa kuitupa. Nisamehe, Mama Ng'eno."

Mama mkwe aliichukua simu na kuizima. Akaketi chini, akaongea kwa sauti ndogo, kama kuna mtu wa nne chumbani.

"Taplelei alikuwa na jicho. Hakuliomba, alizaliwa nalo. Akiangalia mtoto mchanga, mtoto anakauka. Ndama pia. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Nilimjua. Kila asubuhi kabla ya kutoka kwake, alitemea hiyo miwani mate kwa ndani, akaacha yakauke, ndio avae. Miaka yake yote. Mate ya mtu wa jicho ndiyo dawa ya jicho lake. Akikutazama vibaya, anakutemea, unapona. Hakuna dawa ingine."

Chelimo alimkumbatia mtoto zaidi. "Na yeye amekufa."

"Amekufa. Lakini mate yake yako kwa kioo. Tukwangue kidogo, tumpake. Lete."

Chelimo aliangalia karai tupu.

"Lete, mwanangu."

"Nimeosha," alisema.

Nje, mvua ilikuwa imeanza. Si manyunyu, ni ile mvua yetu ya jioni inayopiga mabati mpaka hamsikizani. Chelimo alitoka na mtoto kifuani, akapiga magoti kwenye nepia, akachota tope kwa kiganja. Alimpaka kwenye paji la uso. Kwenye ulimi. Kwenye kope. Akachota tena, huku na huku, maana hakukumbuka tena ni shina lipi. Mama mkwe alimmulikia kwa tochi. Walijua wote wawili. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ng'eno hakufa. Watu husema shukuru Mungu, naye Chelimo hushukuru, kwa mdomo. Hospitali waliyapima macho wakasema hayana ugonjwa, ila mtoto haoni, na hawajui kwa nini. Mwaka umepita. Sufuria hagongi. Ukimpa kijiko kinamtoka mkononi.

Kule Kimulot walikataa kufukua kaburi ili miwani irudi kwa mwenyewe. Pasta alikuja, akaomba, akaondoka mapema. Miwani inakaa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, juu ya kabati, kifuniko kimebanwa.

Kila asubuhi Chelimo huufungua na kuvitemea vioo vile mate kwa ndani, mate yake mwenyewe, mate ya mama. Anaacha yakauke. Jioni anatazama, na kila jioni vioo ni safi. Havina ukungu. Havina mkwaruzo. Viko tayari kupigwa picha.

Na saa kumi na moja na nusu, jua likiingia kwa ubavu, Ng'eno, ambaye haoni, huinua uso taratibu na kumfuata mtu kwa macho, kutoka mlangoni mpaka kando ya mkeka.